Nimekwama Lunga Lunga na kadi ya njano ninayo mkononi. Wazoefu wa Horohoro njooni

Begi_Mgongoni (Malindi), Ijumaa tarehe 7, saa 9:12 alasiri

Assalam aleikum jamaa, na hamjambo nyote. Waliowahi kuvuka hapa kwenda Tanzania nipeni mawazo haraka, simu ina asilimia 31 na chaja iko chini kabisa ya begi.

Nimetoka Maweni saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Ni safari yangu ya kwanza nje ya Kenya. Begi moja la mgongoni, kilo 11, nimelipima kwa mzani wa muuza viazi. Mpango ni Tanga siku mbili, Lushoto nipande milima, Moshi, kisha nirudi nyumbani kupitia Taveta. Wiki mbili. Akiba yake nimeidunduliza tangu Ramadhani iliyopita.

Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120 tu, lakini mnaijua foleni ya Mtwapa. Tulikaa pale mpaka mama wa kiti cha mbele akamaliza kusuka ukili wa mkeka mzima. Likoni nimefika saa tatu na nusu, nikavuka feri kwa miguu, begi kifuani maana nilionywa. Matatu ya Lunga Lunga nayo haikuondoka hadi makanga alipokwenda kuwavuta kwa mkono abiria waliokuwa wakila viazi karai.

Sasa mpakani. Ukitoka Kenya unafanyiwa yote upande wa Tanzania, Horohoro, madirisha ya nchi mbili yamefuatana ndani ya jengo moja. Ila kabla ya dirisha lolote kuna dawati la afya. Nikatoa paspoti, nikatoa kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi ni ya kweli, nimechomwa sindano mimi mwenyewe, bega bado linauma. Muhuri upo, saini ipo. Dada wa dawatini akaitazama, akanitazama, akasema, "Hii bado, kaka." Bado nini? Nyuma yangu basi lilikuwa limeshusha watu, kila mtu na kadi yake juu kama mnada wa samaki, nikasukumwa pembeni, nikatoka. Sijagongewa muhuri wowote.

Na kabla ya hapo nilibadilisha pesa kwa kijana wa nje. Nahisi nimelizwa. Hilo nitalisema nikipata nguvu.

Swali langu: kadi ikiwa ya kweli inakataliwaje? Kuna jamaa hapa chini ya mwarobaini anasema kwa elfu moja na mia tano ataniondolea shida.

---

Mtoto_wa_Barani (Malindi), saa 9:20

Pole yakhe. Mpe, uende zako. Elfu moja na mia tano si bei ya kulala njiani.

---

mkomani81 (Lamu), saa 9:24

Vasco da Gama aliingia Malindi 1498 hana paspoti wala kadi ya njano, na mkampa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Leo mjukuu wenu anashindwa kufika Tanga.

---

Tanga_Raha (Tanga), saa 9:31

Mkuu pole sana. Nakuomba kitu kimoja, huyo wa chini ya mti usimpe hata senti. Huku tunawaita vishoka. Atachukua kadi yako, ataikwangua tarehe kwa wembe, aandike nyingine kwa kalamu ya rangi inayofanana. Ukidakwa na kadi iliyokwanguliwa hiyo ni kughushi, na hapo huyo rafiki yako hutamuona tena. Mtoto_wa_Barani nawe acha kumponza mwenzio.

Huyo dada amesema "bado". Hajasema "hapana". Rudi ukamuulize bado nini.

---

Nesi_Mstaafu (Malindi), saa 9:38

Mwanangu, kaa chini. Itoe kadi. Jina lako na muhuri achana navyo, najua viko sawa. Angalia pale kwenye mstari wa chanjo, baada ya jina la dawa na namba yake. Kuna mahali pameandikwa inaanza kutumika lini. Nisomee tarehe.

---

Begi_Mgongoni, saa 10:19

13

---

Begi_Mgongoni, saa 10:20

Leo ni 7.

---

mkomani81 (Lamu), saa 10:22

Innalillahi.

---

Kahawa_Tungu (Lamu), saa 10:23

Nimecheka mpaka punda wa jirani ameitikia. Samahani ndugu yangu.

---

Nesi_Mstaafu (Malindi), saa 10:41

Msimcheke. Miaka 29 nimechoma watu sindano hii, na wanaosoma ile safu hawajazi hata boti ya kwenda Shela.

Mambo yako hivi. Ulichanjwa tarehe 3. Chanjo ya homa ya manjano ni kirusi hai kilichodhoofishwa, mwili unahitaji muda kukizoea na kujijengea kinga. Kanuni za afya za kimataifa zimeweka siku 10. Kabla ya siku hizo kutimia, kadi ni karatasi nzuri ya njano, basi. Zikitimia, ni yako mpaka kufa. Zamani ilikuwa inaisha baada ya miaka 10 na watu wanachoma upya, lakini tangu Julai 2016 inakubalika maisha yote, hata zile kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Kwa hiyo usije ukadanganywa baadaye na mtu wa kukuambia urudie.

Na kwa wengine mnaosoma: chanjo hii hukuzwa kwenye mayai ya kuku. Mwenye mzio mkali wa mayai, mjamzito, au mwenye kinga dhaifu aseme mapema kabla ya sindano. Wapo wanaonyamaza kwa sababu basi linaondoka kesho.

Aliyekuchoma alipaswa kukuambia kwa mdomo. Lakini alikuandikia, na tarehe aliiandika sawasawa.

---

Begi_Mgongoni, saa 10:58

Ahsante mama. Nimerudi dawatini nikamuonyesha yule dada ile safu kwa kidole. Akacheka kidogo akasema, "Ndiyo nilichokuwa nakwambia." Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimejaa hasira hivi, nilishatunga na maneno.

Sasa nielezee la pesa maana aibu imeshanivua nguo, liwalo na liwe.

Kijana alinipa bei ya 19 kwa shilingi yetu moja. Nilikuwa na 6,000, kwa hivyo 114,000 za Tanzania. Akahesabu mbele yangu, noti 11 za elfu kumi na 4 za elfu moja, jumla noti 15. Nikazichukua nikahesabu mwenyewe. Sawa kabisa. Halafu akasema, "Ngoja, ngoja, nahisi nimekuzidishia," akazichukua, akahesabu tena haraka, akazikunja, akafunga na mpira, akanirudishia. Wakati huo mwenzake ananiuliza kama Malindi bado kuna Wataliano wengi. Nikasimama kumjibu, mjinga mimi, tena kwa kirefu.

Nimezifungua sasa hivi. Noti ni zile zile 15. Nyekundu zenye tembo ziko 5 kwa nje. Ndani ziko buluu 10 za elfu moja, Mwalimu Nyerere ananitazama. Elfu 60. Kijana ameondoka na 54,000, kama 2,840 za kwetu.

---

Tanga_Raha (Tanga), saa 11:04

Dah. Tembo nje, Mwalimu ndani.

Mkuu, mtu akishakupa hela ukaihesabu, isirudi mkononi mwake kwa sababu yoyote. Akisema amezidisha mwambie nashukuru.

---

Dereva_wa_Kusini (Ukunda), saa 11:10

Na mpira ule ndio mchezo wenyewe. Pesa iliyofungwa mpira mtu anaona uvivu kuifungua barabarani. Badilisha kidogo ya nauli tu, nyingine dukani ukifika mjini, kwenye kibao na risiti.

Nje ya mada: mwenye gari lake anayekwenda kusini siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, si lazima ulale foleni ya Likoni. Ila kwa wa matatu kama huyu, feri ni ile ile.

---

Mtoto_wa_Barani (Malindi), saa 11:15

Basi sikiliza, usirudi nyumbani na aibu. Mpaka ule si ukuta. Bodaboda wanajua njia za panya, dakika ishirini uko ng'ambo, unapanda basi la Tanga kama mtu mwingine yeyote.

---

Mzee_wa_Kibokoni (Mombasa), saa 11:33

Na siku ya kutoka Taveta atasema aliingia kupitia wapi? Paspoti haina muhuri wa kutoka Kenya wala wa kuingia Tanzania. Ataulizwa alishuka kutoka mbinguni? Kijana wangu, unayemshauri ana paspoti mpya kabisa, unataka kurasa ya kwanza iandikwe kesi?

Huyo panya mwenyewe kwanza hana begi la kilo 11.

---

Begi_Mgongoni, saa 11:40

Shikamoo mzee. Sivuki kwa panya, usiwe na wasiwasi.

Nina siku sita. Kurudi Malindi na kuja tena ni nauli mara mbili na nimeshapungukiwa. Kulala hapa mpakani siku sita naona nitaishia kuuza begi. Kuna mtu anajua lojing'i ya bei ya chini huku Kwale?

---

Binti_Vumba (Vanga), saa 11:52

Kaka, kwani Vanga hujaisikia? Kutoka hapo ulipo ni bodaboda kama nusu saa, barabara ya vumbi, shikilia begi. Mamangu mkubwa ana chumba cha uani, wanalala watafiti wa mikoko wakija. Bei si kitu, utaelewana naye. Nakutumia namba kwa siri. Ukifika sema umetumwa na mimi na usimwambie umeibiwa, atakulisha mpaka uumwe.

---

Begi_Mgongoni, saa 11:55

Nimeshapanda.

---

Kahawa_Tungu (Lamu), Jumamosi, saa 3:05 asubuhi

Wakati mwenzetu yuko Vanga akila pweza, niwape yangu ya Moyale nisije nikaonekana mwerevu kwa kucheka jana.

2023 miye na mwenzangu mmoja wa Nairobi tuliamua kwenda Addis kwa ndia ya nchi kavu. Kutoka Lamu mnajua wenyewe: boti hadi Mokowe, basi, askari mbele, askari nyuma, Witu, Garsen, wakati mwingine unashushwa uonyeshe kitambulisho mara nyingi kuliko msafiri wa kwenda Ulaya. Halafu Nairobi, Isiolo, Marsabit, Moyale. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500 na ni lami safi, wazee wanasimulia zamani ilikuwa siku mbili tatu juu ya lori la ng'ombe.

Tulifika jioni mpaka ushafungwa. Upande wa Ethiopia kijana mmoja wa kutafsiri akatwambia kwa Kiswahili cha kuokoteza: rudini kesho saa mbili. Mwenzangu kichwa chake chote ni saa za Kizungu. Akaenda zake kulala gesti nyingine, miye nikalala kwa Waborana wenye duka. Asubuhi saa mbili niko mlangoni, nimegongewa muhuri, nakunywa buna, kahawa yao. Yeye akaja saa nane mchana, ametulia, ameshiba, anasema, "Si walisema saa mbili?" Kumbe Waethiopia saa wanahesabu kama sisi, siku inaanza na jua. Ndiyo nchi ya kwanza nje ya Uswahilini kuona mtu hashangai nikisema saa tatu asubuhi.

Lakini na miye nikapatikana. Nilikata tiketi ya basi, nikaiangalia, imeandikwa mwaka 2015. Nikamrukia yule kijana wa tiketi, unaniuzia karatasi ya miaka minane iliyopita! Watu wakanizunguka. Akanionyesha kalenda ya ukutani. Kwao ulikuwa 2015 kweli. Wana miezi 13 na mwaka mpya wao ni Septemba. Nikaomba radhi kwa mikono maana mdomo ulikuwa umekauka.

Na magari yakivuka pale yanahama upande wa barabara, kutoka kushoto kwenda kulia. Usipojua hilo, unaangalia upande usiokuja kitu, na gari linakuja na upande wa pili.

---

mkomani81 (Lamu), saa 3:30

Tarehe, tarehe, tarehe. Watu wa mwambao tunaonewa na tarehe.

---

Mtoto_wa_Barani (Malindi), saa 3:41

Kwani nyinyi wa Lamu kwa nini mnazunguka hivyo? Si mna Kiunga pale, mvuke mwende Kismayu.

---

Kahawa_Tungu (Lamu), saa 3:44

Tangulia wewe, tutakufuata.

Mpaka ule ulifungwa 2011. 2023 serikali ilitangaza kuufungua kwa awamu, na miezi haikupita ikaahirisha. Wabajuni wana jamaa zao kule hawajaonana miaka na miaka, si jambo la utani sana.

---

Mzee_wa_Kibokoni (Mombasa), saa 5:16

Hapo umegusa penyewe. Na huko Vanga alipo kijana ni vivyo hivyo. Mstari ule walikubaliana Mwingereza na Mjerumani 1886, walikaa Ulaya. Mdigo ana shamba huku na mjomba kule. Mvumba vilevile. Nyinyi wa Lamu nanyi mlikuwa na Mjerumani hapo Witu mpaka 1890, na posta yake ilikuwa mjini kwenu, jengo lipo hadi leo limefanywa makumbusho. Ingegeuka kidogo tu, huenda leo mngekuwa mnaonyesha paspoti Garsen.

---

mkomani81 (Lamu), saa 5:20

Mzee, Garsen tunaonyesha kila kitu tayari.

---

Dada_wa_Gede (Malindi), saa 7:02 mchana

Naomba kuuliza wajuzi. Mimi nina kitambulisho tu, paspoti sina. Si tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki?

---

Dereva_wa_Kusini (Ukunda), saa 7:15

Dada, Uganda na Rwanda Mkenya anaingia na kitambulisho, tangu 2014. Tanzania hawakuingia kwenye mpango ule. Kwa Tanzania uwe na paspoti, au uchukue pasi ya muda, ombi lake linaanzia kwenye mtandao wa serikali. Viza hulipi. Na kadi ya njano, hilo sasa sote tumesoma.

---

Begi_Mgongoni (Vanga!), Jumatatu tarehe 10, saa 2:20 usiku

Nimepata mtandao. Tena mtandao wenyewe una hadithi yake.

Usiku wa kwanza niko kitandani, simu ikalia. Ujumbe: "Karibu Tanzania." Nikakaa. Kumbe Vanga mnara wa ng'ambo una nguvu kuliko wa kwetu, simu inahamia huko yenyewe. Mimi nimezuiwa, laini yangu imevuka. Na haikuvuka bure, salio lote la shilingi 180 limekwenda kabla sijajua. Watoto wa hapa wananifundisha kona za kusimama: ukitaka Kenya unasimama karibu na kisima, ukitaka Tanzania unakaa barazani.

Mama mkubwa wa Binti_Vumba, Mungu ampe umri. Nilipofika alitazama begi akauliza, "Umehama?" Chumba kina kitanda cha kamba, chandarua, na dirisha linaloangalia mikoko. Sikumwambia nimeibiwa. Alijua. Alinipa chai ya mkandaa na mkate wa kumimina akasema, "Wale vijana wa mpakani wana mikono."

Sikukaa kivivu. Jumapili nilifuatana na wajukuu zake kwenye mikoko. Vijiji vitatu, Vanga, Jimbo na Kiwegu, wanautunza msitu ule kwa pamoja na kuuza hewa ukaa inayofyonzwa na miti yake, pesa inarudi kwenye mambo ya kijiji. Niliambiwa nishike mche wa mkoko. Ni kijiti kama sigara nene, kijani, ncha moja imechongoka, mti mama huudondosha uko tayari kuchoma matopeni na kusimama. Unausukuma tu kwenye tope hadi robo yake. Nilipanda kama arubaini hivi. Mdogo wao wa miaka tisa alinihesabia na saba akaniambia nimeipanda kichwa chini.

Lugha yao ni Kivumba, nusu naisikia nusu inanipita. Wananicheka nikisema Kimalindi.

Sasa tatizo dogo: leo mtu amekuja kuuliza kama mimi ndiye yule kijana wa kadi. Nani amesambaza huu uzi?

---

Binti_Vumba (Vanga), saa 2:33 usiku

Sijui kaka.

---

Nesi_Mstaafu (Malindi), saa 2:50 usiku

Umelala ndani ya chandarua, vizuri. Lakini mbu wa homa ya manjano huuma mchana, chandarua cha usiku hakimhusu. Vaa mikono mirefu ukienda matopeni.

---

Chui_wa_Watamu (Malindi), Jumanne, saa 4:10 asubuhi

Samahani, mimi naona hii ni hadithi ya kutunga. Mtu gani anakaa siku sita kijijini kwa sababu ya chanjo? Si angerudi tu nyumbani.

---

Begi_Mgongoni, saa 4:48

Kaka, karibu Vanga ujionee. Jana bamvua limeanza, maji yameingia hadi mlangoni kwa jirani, viatu vyangu vimeelea mpaka uwanja wa msikiti. Ningekuwa natunga ningetunga viatu vikavu.

---

Begi_Mgongoni (Tanga), Alhamisi tarehe 13, saa 12:45 jioni

Nimevuka.

Nitaeleza kwa utaratibu kwa sababu wengi mmeniuliza kwa siri, lakini niwaambie kwanza kuhusu kikapu.

Leo alfajiri mama mkubwa alinigongea dirisha. Ameshika kikapu cha ukindu, ndani kuna ng'onda, papa mkavu, amefungwa gazeti, juu ya gazeti jani la mgomba, juu ya jani kitambaa. "Mpelekee mdogo wangu Tanga, mtaa wa kumi na mbili." Nikataka kuitia kwenye mfuko wa plastiki isije ikanuka. Akanizuia mkono. Tanzania mifuko ile ni marufuku tangu Juni 2019, alisema, na yeye alishawahi kuona mtu akitolewa nguo zote mbele ya watu kwa ajili ya mfuko. Sisi Kenya tulianza 2017 na bado nilikuwa nimeficha mmoja kwenye kona ya begi. Nikautoa. Kikapu hakikuenea popote, nikakifunga juu ya begi.

Mpakani nikafika saa mbili unusu. Yule kijana wa pesa hakuwepo, mwenzake alikuwepo. Akaniita, "Malindi! Wataliano wapo?" Nikapita.

Dawatini yule yule dada. Alinikumbuka. Nikampa kadi na kidole tayari kiko kwenye safu. Hakuangalia kidole. Alifungua daftari lake, akahesabu kwa ncha ya kalamu, nne, tano, sita, taratibu kabisa, mpaka kumi, mimi nimesimama jasho linashuka mgongoni chini ya begi. Akasema, "Leo sawa." Akanusa hewa. "Umebeba nini?" Nikasema ng'onda. Akasema, "Pole." Sijui alikuwa anampa pole nani.

Dirisha la Kenya: vidole, picha, muhuri. Halikuchukua dakika tatu. La Tanzania afande akaniuliza nakwenda wapi, nakaa siku ngapi, nafikia kwa nani. Mpango wangu wa wiki mbili umebaki siku nane, Moshi nimeifuta, nitakwenda Lushoto na kurudi kwa njia hii hii. Nikamwambia siku nane. Akanigongea miezi mitatu. Muhuri uko ukurasa wa kati, umekaa upande, wino umejaa kwenye herufi ya H ya Horohoro. Nimeupiga picha lakini nimefunika namba.

Forodha walinifungua kikapu. Afande wa kwanza akamwita wa pili. Wa pili akauliza ni wa Vanga au wa Kipini? Nikasema wa Vanga. Akafunga jani vizuri kuliko alivyolikuta, akasema nenda.

Pesa nimebadilisha kidogo tu ya nauli, dirishani, nikahesabu mara tatu, mtu wa nyuma yangu akaguna. Aguna tu.

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kama kilomita 65, lami, mwendo wa saa moja na kidogo. Ilitakiwa. Basi lilijaa, begi likawekwa mbele karibu na injini, na injini ya basi lile ni moto. Baada ya nusu saa kondakta akasimama akauliza abiria wote, "Jamani, nani amefia humu?" Nilinyamaza. Abiria wa pembeni yangu, mzee wa kanzu, akainua kichwa akanusa akasema kwa raha, "Papa wa Vanga." Akaniomba kipande.

---

Tanga_Raha (Tanga), saa 12:58

Karibu sana nyumbani mkuu! Uko wapi sasa hivi?

---

Begi_Mgongoni (Tanga), saa 1:03 usiku

Nje ya gesti karibu na stendi. Mwenye gesti amesema mimi niingie, begi libaki nje. Paka watatu wamelikalia na wa nne anakuja.

---

Tanga_Raha (Tanga), saa 1:05

Usiondoke hapo. Nakuja na ndimu.